Miji ya Kongo Chini ya Wabelgiji: Kura Bila Madaraka (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi dekreti ya 23 Novemba 1931 ilivyounda senta za Waafrika waliohamia mjini, nje ya mamlaka ya machifu wa mila. Senta ilikuwa na shefu na baraza lake, lakini wote waliteuliwa na serikali. Leo tuingie kwenye sheria iliyotikisa koloni.

Dekreti ya 26 Machi 1957 ilitanguliwa na mabishano ya karibu miaka kumi. Walowezi walitaka sauti mjini bila kuchanganywa na weusi. Wasomi wa Kiafrika walikuwa wamechoka na sheria mbili katika mji mmoja. Hatimaye, chini ya Gavana Mkuu Léo Pétillon, ikatoka sheria moja kwa wote: mji ugawanywe komini, kila komini iwe na baraza na burgumesta. Desemba 1957 wanaume waliotimiza miaka 25 walipiga kura Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Wanawake hawakuitwa.

Serikali yenyewe iliita kura hiyo mashauriano. Burgumesta wa komini aliteuliwa na wakubwa baada ya kura kuhesabiwa, na juu yao wote aliketi burgumesta wa kwanza, ofisa wa Kibelgiji ambaye hakuna raia aliyemchagua. Kwangu mimi, hicho ndicho kiini cha mambo: sanduku la kura walipewa watu, madaraka yakabaki kwa Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni.

Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguka. Tarehe 20 Aprili 1958 Joseph Kasavubu, kiongozi wa chama cha ABAKO, aliposimikwa kuwa burgumesta wa Dendale, komini ya Léopoldville, alidai mbele ya maofisa uchaguzi mkuu na Kongo ijitawale katika mambo yake ya ndani. Januari 1959 Léopoldville ikalipuka kwa ghasia, naye akatiwa ndani.

Na Bunia? Tulikuwa makao makuu ya wilaya ya Kibali-Ituri, jirani na dhahabu ya Kilo-Moto, lakini sheria ile haikutuhesabu kuwa mji. Stanleyville ilipopiga kura Desemba 1958, sisi tulibaki chini ya komisa wa wilaya.

Leo tuna komini tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, na sheria ya 7 Oktoba 2008 inataka meya achaguliwe na madiwani. Lakini Mei 2021 ilipotangazwa hali ya dharura ya kijeshi, uongozi wa mji ulikabidhiwa polisi. Usalama tunauhitaji, hakuna anayebisha. Kinshasa na itutajie siku ambayo mwananchi wa Bunia atarudishiwa mji wake.

(Itaendelea)