Samaki Aliyeiva Naye Huweza Kumdhuru Mlaji

Kamembe, sambaza wa Ziwa Kivu hukaangwa mzima bila kutumbuliwa, wala hapana anayeona ajabu. Lakini si kila mwenyeji wa Kamembe hula samaki wa Kivu siku zote. Mwezi Julai 2021, askari wa jeshi na polisi wa Rwanda walipelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Na samaki wa bahari ana mambo yake.

Yuko mnyoo aitwaye Anisakis. Hukomaa tumboni mwa nyangumi na pomboo, na watoto wake huishi ndani ya samaki, wamejikunja kama nyuzi nyeupe. Kivu haina nyangumi, hivyo mnyoo huyo hana makao humo.

Mwaka 1960, wataalamu wa Uholanzi walieleza maumivu makali ya tumbo ya watu waliokula heringi mbichi aliyetiwa chumvi kidogo. Mwaka 1990, wenzao wa Japani walionyesha jambo jingine: baadhi ya watu waliotokwa na mabaka ya kuwasha baada ya kula samaki hawakudhuriwa na samaki mwenyewe, bali na mnyoo aliyekuwa ndani yake.

Mnyoo hufa mnofu ukifikia nyuzijoto 60 hadi ndani kabisa kwa dakika moja. Hufa pia samaki akigandishwa siku 7 katika nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi ambayo kichumba cha barafu cha jokofu dogo mara nyingi hakiifikii. Ndimu haimwui. Tatizo ni kwamba baadhi ya protini zake hustahimili moto. Kwa hiyo, mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzikataa aweza kuwashwa hata na samaki aliyepikwa na mama hodari.

Basi samaki wa bahari na atumbuliwe mara tu avuliwapo, kwani akikaa, mnyoo aweza kutoka matumboni na kuingia mnofuni. Sehemu ya tumbo ikaguliwe kwenye mwanga.

Aliyepata mabaka asiseme tu, "Samaki amenikataa." Amweleze daktari alikula samaki gani, alipikwaje, na mabaka yalitokea baada ya muda gani. Huenda kosa ni la jodari aliyeachwa juani, maana huyo naye huwasha bila mnyoo wowote. Kipimo cha damu chaweza kusaidia kumtambua mwenye mzio wa mnyoo.

Lakini midomo ikivimba, pumzi zikibana au kizunguzungu kikimshika, apelekwe hospitali upesi achomwe sindano ya adrenalini. Chai ya tangawizi haitamsaidia hapo.