Kioo cheusi si kompyuta iliyokufa



Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza zifanye nini na laptopu za zamani zilizotolewa na wafadhili. Nyingi bado ni nzima, na tunashauri ziwekewe Linux, ambayo hailipiwi. Tatizo linalovunja watu moyo ni moja: kazi ya kuweka Ubuntu inakwisha vizuri, kompyuta inawashwa upya, kioo kinabaki cheusi. Hapo wengi husema imekufa, na leja ya parokia hurudi kwenye daftari.

Kabla ya kuipeleka kwa fundi, iunganisheni na projekta au televisheni. Picha ikionekana huko, kompyuta inafanya kazi. Mulikeni pia kioo kwa tochi: mkiona maandishi hafifu, ni mwanga wa kioo tu uliozimika.

Mara nyingi chanzo ni kadi ya picha. Linux huanza kuitawala mapema, kabla ya kupata kiendeshi kinachofaa, yaani programu inayozungumza na kadi hiyo. Hutokea zaidi kwenye laptopu zenye kadi ya NVIDIA.

Fanyeni hivi:

1. Washeni kompyuta, kisha bonyezeni Esc mara moja (kwa mashine za zamani, shikilieni Shift) mpaka orodha ya kuanzia itokee.

2. Bonyezeni herufi e. Tafuteni mstari unaoanza na neno linux. Baada ya maneno quiet splash, acheni nafasi, andikeni nomodeset, kisha bonyezeni F10.

3. Picha itakuja, pengine kubwa na isiyo safi. Msihofu. Unganisheni intaneti, fungueni dirisha la amri, andikeni: sudo ubuntu-drivers install. Ikimaliza, washeni upya.

Neno nomodeset huiambia Linux itumie picha ya kawaida kwanza. Halihifadhiwi: ni la mwasho huo mmoja tu. Mkikosea kuliandika, zimeni na kuanza tena. Hakuna faili litakalopotea.

Mkiwa bado hamjaweka Linux, ijaribuni kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Kioo kikiwa cheusi hata hapo, chagueni safe graphics kwenye orodha ya mwanzo. Na kabla ya kuiweka, nakilini kumbukumbu zote za parokia kwenye flashi nyingine.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi dogo: mnapochagua laptopu za kututumia, zenye kadi ya picha ya Intel kwa kawaida hazihitaji kiendeshi cha ziada. Kutoka Newala au Ndanda hadi kwa fundi Dar es Salaam ni safari ya siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Neno moja lililoandikwa mahali pake huokoa yote hayo.