Pistoni ya bunduki si kipuri cha gari

KAMPALA – Malori yanayoingia Kampala kutoka Malaba na Busia hupita Barabara ya Jinja, kando ya Kyambogo, na mengi hubeba vipuri. Hata hivyo kuna kifaa kidogo ambacho, kikiandikwa "pistoni" tu kwenye hati za mzigo, kinaweza kumweka matatani mfanyabiashara pamoja na mwenye lori. Ni pistoni ya gesi ya bunduki.

Kifaa hicho ni cha nini?

Bunduki nyingi za aina ya AR-15, zikiwemo zile za bei nafuu, hutumia gesi ya baruti kujipakia risasi inayofuata. Gesi hiyo hurudishwa moja kwa moja ndani ya bunduki. Ganda la risasi hutokea upande wa kulia, hivyo anayetumia mkono wa kushoto huwa na tundu hilo karibu na uso wake, na moshi humfikia machoni. Baadhi ya wenye bunduki hizo hununua seti ya pistoni ili gesi iishie mbele.

Seti hiyo hupunguza moshi, lakini haibadilishi upande wa kutolea maganda. Kwa mlinzi wa shoto mwenye AK haina maana kabisa, kwa sababu AK imeundwa na pistoni tangu mwanzo.

Forodha inasemaje?

Pistoni ya injini ya gari huingia kwenye kifungu 8409 cha orodha ya ushuru. Vipuri vya silaha viko kifungu 9305, ndani ya Sura ya 93. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, silaha na risasi za Sura ya 93 ni bidhaa zenye masharti: haziingizwi bila kibali.

Anayeziingiza kinyume cha masharti anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Mzigo unaweza kutaifishwa, na gari lililoubeba pia. Nchini Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka mwenye silaha awe na cheti, na anayefanya biashara ya silaha awe na leseni.

Msafirishaji afanye nini?

Kwanza, asikubali maboksi yaliyoandikwa "vipuri" bila maelezo. Aulize ni vipuri vya mashine gani. Pili, ahakikishe ankara, orodha ya mizigo na tamko la forodha vinataja kitu kimoja. Tatu, kama ni kipuri cha silaha, kibali kionekane kabla ya kupakia, si baada ya kufika mpakani.

Boksi lenyewe laweza kuwa na uzito wa kilo moja tu. Lori likizuiliwa Malaba kwa ajili yake, mizigo ya wateja wengine wote hukwama nalo.