Mpelelezi na Mwenziwe Roboti

Bila shaka wamjua Bwana Msa, yule mpelelezi wa Zanzibar katika vitabu vya Muhammed Said Abdulla, kama vile Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960. Bwana Msa huvuta kiko akiwaza, na rafiki yake Najum humfuata akishangaa. Sasa jiulize: ingekuwaje kama Najum angekuwa roboti?

Usicheke! Isaac Asimov, mwandishi wa Marekani, aliandika jambo kama hilo katika The Caves of Steel, kitabu cha mwaka 1954. Elijah Baley, polisi wa New York ya miaka mingi ijayo, anapewa mwenzake wa kazi aitwaye R. Daneel Olivaw. Ile R ni ya roboti, ingawa kwa sura hungemtambua.

Wako waliodai kuwa hadithi za kisayansi haziwezi kuchanganywa na za upelelezi. Ati mpelelezi akikwama atatoa tu mtambo wa ajabu mfukoni, umtaje muuaji! Dawa ya Asimov ilikuwa kutangaza kanuni mapema. Tangu mwaka 1942 roboti wake walikuwa na sheria tatu. Kwanza, roboti asimdhuru binadamu wala kumwacha adhurike. Pili, amtii binadamu, isipokuwa amri ikivunja sheria ya kwanza. Tatu, ajilinde, mradi asivunje hizo mbili. Basi msomaji naye hupiga bongo: kama roboti hawezi kuua, ni nani aliyeua, na kwa njia gani?

Baley hampendi mwenzake. Ofisini kwao kijana tarishi amepoteza kazi, na roboti amepewa nafasi yake. Hofu hiyo twaielewa sana. Huku kwetu Obunga akina mama hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Mashine ikiichukua kazi hiyo, karo yetu itatoka wapi? Na roboti si mambo ya vitabuni tu. Mwaka 2020 Rwanda ilipokea roboti watano wa kuwasaidia wauguzi wakati wa Korona, kwa kazi kama kupima watu joto.

Kwa sababu ya chuki yake, Baley anamshtaki Daneel mara mbili, na mara zote mbili amekosea. Daneel hakasiriki. Mara ya kwanza anafungua tu mkono wake na kuonyesha vyuma vilivyo ndani.

Hapo nilifunga kitabu kidogo. Mwaka jana pesa za chama zilipotea katika ploti yetu. Watu wakamshika kijana mmoja mgeni, wakaanza kelele: "Mwizi! Mwizi!" Nami nilipiga kelele. Mama mmoja akasimama mlangoni akauliza, "Nani alimwona?" Kimya. Jioni pesa zikapatikana ndani ya debe la unga, pale pale mweka hazina alipozificha mwenyewe akasahau. Yule kijana alihama wiki hiyo hiyo. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Lakini tusidhani roboti ndiye mwema na binadamu ndiye mbaya. Daneel anakumbuka kila kitu, ila kwake haki ni sheria kufuatwa, basi. Ni Baley anayemsimulia kisa cha Biblia cha yule mwanamke aliyetaka kupigwa mawe, ili ajue kuna huruma pia. Mmoja ana macho yasiyo na hasira, mwingine ana moyo. Kila mmoja peke yake angeshindwa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, wanachama wenzangu, tusome hadithi hizi, na tuziandike kwa Kiswahili chetu, Kisumu iwe ndani yake. Na siku ukisikia kelele za "Mwizi!", usiokote jiwe. Uliza kwanza: nani alimwona?