Misimbo ya Hitilafu Unapoendesha Skripti za Sheli

Katika mfumo endeshi wa Linux, kila amri inapomaliza kazi huacha namba moja kati ya 0 na 255. Namba hiyo huitwa msimbo wa kutoka. Sifuri maana yake amri imefanikiwa; namba nyingine yoyote ina jambo la kukueleza. Watahiniwa wengi huzikariri namba hizi kama jedwali la kuzidisha, kisha wakifika chumba cha mtihani huchanganya 126 na 127. Ni afadhali ujiulize: kazi imekwama hatua gani? Amri haikupatikana, ilipatikana ikakataliwa, iliendeshwa ikashindwa, au ilikatizwa njiani?

Msimbo husomwa kwa kuandika:

echo $?

Andika hivyo mara moja tu, papo hapo baada ya amri unayoichunguza. Ukirudia utapata 0, kwa kuwa safari hii unaelezwa habari za echo yenyewe, nayo imefanikiwa.

Tuchukue skripti iitwayo mvua.sh, inayokokotoa wastani wa mvua ya Dodoma kutoka faili la mvua.txt. Mwanafunzi anaandika mvua.sh na kubonyeza Enter. Anapata ujumbe command not found, na msimbo ni 127, ingawa faili analiona kwa macho yake ndani ya folda. Sababu ni kwamba sheli haitafuti amri katika folda uliyomo. Hutafuta katika folda zilizotajwa kwenye kigeu PATH tu. Aliyezoea dirisha la amri la Windows hushangaa, maana kule folda uliyomo nayo hutafutwa. Dawa ni kuandika ./mvua.sh.

Ikiwa 127 inatoka kwenye mstari wa ndani ya skripti, angalia tahajia kwanza (eco badala ya echo), kisha kama programu inayoitwa imesakinishwa. Kipo pia chanzo kinachosumbua sana maabara zenye kompyuta za Windows na Linux pamoja: skripti iliyoandikwa kwa Notepad huweza kubeba herufi isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Ukiona \r ndani ya ujumbe wa hitilafu, umeshampata mchawi. Iondoe hivi:

sed -i 's/\r$//' mvua.sh

Msimbo 126 ni hatua inayofuata: faili limepatikana, ila haliruhusiwi kuendeshwa. Ujumbe wake wa kawaida ni Permission denied. Toa ruhusa kwa chmod +x mvua.sh. Kama skripti iko kwenye flashi, mara nyingi chmod haibadilishi kitu. Inakili kwanza kwenye folda yako ya nyumbani.

Misimbo midogo, kama 1 na 2, hutolewa na programu yenyewe baada ya kuanza kazi, hivyo maana yake hutegemea programu. Bash hutoa 2 ukikosea sintaksia, kwa mfano ukisahau fi ya kufunga if. Kwa grep, 2 ni hitilafu, kama vile faili kukosekana, lakini 1 maana yake ni kwamba neno halikupatikana tu. Tuseme mvua.txt inaorodhesha miezi iliyonyesha pekee. Amri grep Julai mvua.txt itatoa 1, na hapo hakuna kilichoharibika: Dodoma mwezi Julai ni kiangazi.

Misimbo inayozidi 128 kwa kawaida huonyesha kuwa kazi ilikatizwa kwa ishara. Toa 128 upate namba ya ishara. 130 ni ishara ya 2, yaani mtu amebonyeza Ctrl na C. 137 ni ishara ya 9, kuuawa kwa lazima. Mfumo wenyewe huweza kufanya hivyo kumbukumbu ya kompyuta inapojaa.

Sasa zingatia sehemu ya hatari. Skripti ya bash haisimami amri moja ikishindwa. Huendelea na mstari unaofuata, na mwishoni hutoa msimbo wa amri yake ya mwisho. Tazama mistari hii:

cd muda
rm *.txt

Kama folda ya muda haipo, cd inatoa 1 na sheli inabaki pale ilipokuwa. Kisha rm inafuta mafaili yote ya .txt ya hapo, mvua.txt ikiwemo, na skripti inamaliza kwa 0 kana kwamba mambo ni shwari. Data za msimu mzima zimekwenda, na msimbo unasema hakuna tatizo. Andika hivi:

cd muda && rm *.txt

Alama && huruhusu amri ya pili pale tu ya kwanza inapotoa 0. Unaweza pia kuweka set -e juu ya skripti ili isimame amri inaposhindwa, lakini mimi napendelea && kwenye kufuta, kwa kuwa anayesoma huona sharti palepale.

Maswali ya kujipima

1. Skripti imetoa msimbo 143. Ilikatizwa kwa ishara namba ngapi?
2. Amri ./mvua.sh imetoa 126, lakini bash mvua.sh imefanya kazi vizuri. Eleza sababu.
3. Skripti inaishia na exit 256. Je, echo $? itaonyesha nini, na kwa nini jibu hilo ni la hatari?