Hoteli ya makuti si urembo tu: Somo la Chumbe kwa wajenzi wa Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe zipo Mkoa wa Pwani, ila ufukwe hazina. Anayetaka kujenga hoteli ya mapumziko huku hana bahari ya kumuuzia mgeni. Alichonacho ni Mto Ruvu upande wa Kibaha, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, na ufundi wa ujenzi wa watu wa Pwani.

Shida ni kwamba wengi huufanya ufundi huo kuwa pambo. Unakuta nyumba ya zege iliyofungwa kila upande, juu imewekwa makuti, ndani kiyoyozi hakizimwi. Mgeni anapiga picha, mwenye hoteli analia na bili ya umeme.

Kwenye kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, walifanya tofauti. Hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 1994, na baadaye zikajengwa nyumba 7 tu za wageni. Kisiwa hakina chanzo cha maji ya kunywa, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa: maji yatatoka wapi?

Jibu likawa paa. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye paa kubwa, huchujwa, kisha huingia kwenye tangi chini ya nyumba. Upande wa mbele huachwa wazi upepo uingie, hivyo kiyoyozi hakihitajiki. Umeme ni wa jua, na vyoo hutengeneza mboji bila kutumia maji.

Ukitaka kujenga huku kwetu, anza na haya:

Upepo: Kaskazi huvuma mwanzoni mwa mwaka, kusi katikati ya mwaka. Weka madirisha yanayotazamana, upepo uingie huku utokee kule.

Paa: Liwe na mteremko mkali. Makuti yakikaa na maji huoza mapema. Kingo zitokeze nje zikinge ukuta, hasa ukijenga kwa udongo.

Maji: Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10, ni karibu lita 1,000. Andaa tangi kabla ya masika.

Miti: Boriti za mikoko hazikatwi kiholela, zinataka kibali. Uliza kwanza.

Na ndiyo, makuti yanashika moto haraka, na kila baada ya miaka michache lazima yabadilishwe. Hiyo ni gharama. Lakini bati unalinunua mara moja dukani, basi. Makuti yanamrudisha msukaji na fundi wa kijijini kazini kila yanapochakaa, na hela ya hoteli inabaki hapohapo.