Je, Wajua? Shahada Pekee Haikufanyi Msanifu Majengo

Shahada nyingi za kwanza Tanzania huchukua miaka 3 au 4. Ya usanifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ni miaka 5, na sehemu kubwa yake hupita studioni: kuchora, kukata kadibodi za modeli, kisha kuitetea kazi mbele ya jopo la walimu. Usingizi huwa haba.

Hata ukihitimu, kisheria hujawa msanifu. Utafanya kazi kwanza chini ya wazoefu, ufaulu mitihani ya taaluma, ndipo bodi ya taaluma hiyo ikusajili.

Wapo wasiosubiri kujenga. Francis Kéré wa Burkina Faso, seremala aliyekwenda kusoma Berlin, alijenga shule ya msingi kijijini kwake Gando mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Paa limeinuliwa juu ya dari ili joto lipate pa kutokea. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker. Kwetu, Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, ni kazi ya msanifu Beda Amuli.

Wahitimu wengine hugeukia mipango miji, usanifu wa ndani, usimamizi wa miradi au ukarabati wa majengo ya kale kama yale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kazi ngumu kuliko kujenga upya.

Nawe unayetaka kuchorewa nyumba, kabla ya kulipa malipo ya awali, dai namba ya usajili ya msanifu wako.